Sura ya Tano: Ndoo ya Mlangoni

Kutoka kitanda cha mwisho hadi kwenye ndoo ya maji zilikuwa hatua ishirini na mbili. Nilizihesabu kwa sababu usiku ule sikuwa na kazi nyingine. Shangazi yangu alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya upande wa milimani, nami nilikaa kwenye benchi kando ya kitanda chake, nimepakata hotpoti ya makande ambayo hakuyagusa. Wagonjwa wodini walikuwa kumi na tisa na muuguzi wa zamu alikuwa mmoja. Ndoo ilikaa mlangoni: ya plastiki, yenye koki, juu ya stuli, beseni chini yake, kipande cha sabuni ndani ya kifuniko cha kopo. Ukutani, juu ya ndoo, palibandikwa picha ya mikono miwili ikisuguana.

Muuguzi alinawa alipoingia zamu, na alinawa vizuri, bila haraka, akapitisha vidole katikati ya vidole. Kisha akaanza mzunguko wake. Alipima joto, akabadilisha dripu, akamgeuza bibi mmoja mwenye kidonda cha mgongoni, akashika stendi, akafungua mafaili, akainua vyandarua na kuvishusha. Mpaka saa nane usiku alikuwa amemgusa kila mgonjwa, wengine mara tatu, na kwenye ndoo alikuwa amerudi mara mbili. Asubuhi alipokuwa akikabidhi zamu, yule bibi alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, umechoka. Mungu akubariki." Naye akajibu, "Asante bibi, ugua pole," akainamia kumwekea shuka sawa.

Nimeanza na muuguzi huyu kwa sababu hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga wa jambo hili. Alijua kunawa kuliko mimi na pengine kuliko wewe unayesoma. Ukimtungia mtihani atapata mia kwa mia. Lakini mtihani wake wa usiku ule ulikuwa zile hatua ishirini na mbili za kwenda na ishirini na mbili za kurudi, na huo hakuna binadamu anayeufaulu mpaka asubuhi.

Tufanye hesabu. Wagonjwa kumi na tisa, kila mmoja aguswe mara nne katika zamu: hizo ni safari sabini na sita za mkono kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Kunawa kwa sabuni na maji kama inavyotakiwa huchukua sekunde 40 hadi 60. Ongeza mwendo wa kwenda na kurudi, nusu dakika kwa vitanda vya mbali. Kwa vitanda hivyo kila safari inakula dakika moja na nusu, na ukizidisha mara sabini na sita unakaribia muda wa saa mbili. Muuguzi mmoja angetumia saa mbili nzima mbele ya ndoo, huku wagonjwa kumi na tisa wakimwita, "Sista! Sista!" Na hapo hatujauliza kama maji ya ndoo moja yangetosha kunawa mara sabini na sita.

Kwa hiyo mtu anaposema wahudumu wetu wa afya hawanawi kwa sababu hawajaelimishwa, mimi husita. Elimu tumeitoa sana. Watanzania wazima kwa mamilioni waliketi kwenye vikundi vya redio mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza usafi na kinga. Tangu 2004 nchi ina mwongozo wa kitaifa wa kukinga na kudhibiti maambukizi katika vituo vya tiba, ukafanyiwa mapitio 2018. Kila tarehe 5 Mei dunia huadhimisha siku ya usafi wa mikono katika huduma za afya. Mabango yapo. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha kunawia, mahali mkono ulipo, wakati mkono unakihitaji.

*

Kisa cha Ignaz Semmelweis husimuliwa mara nyingi, lakini sehemu yake ya pili huachwa, na mimi naitaka hiyo ya pili. Mwaka 1847 Hospitali Kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na kliniki mbili za wazazi. Ya kwanza walifundishiwa madaktari, ya pili wakunga. Kina mama walikufa kwa homa ya uzazi katika ile ya madaktari kwa wingi kuliko ile ya wakunga, na mji mzima ulijua. Kliniki hizo zilipokezana siku za kupokea wajawazito, na wanawake walilia na kubembeleza wasipokelewe siku ya ile ya kwanza. Semmelweis, daktari kijana kutoka Hungary, alitafuta sababu bila kuipata, mpaka mwenzake Jakob Kolletschka alipokatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za kina mama. Hapo akaona. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuwapima wazazi kwa mikono ileile. Wakunga hawakuwa wakipasua maiti.

Akaagiza kila anayeingia wodini anawe kwa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini. Aprili mwaka ule walikufa zaidi ya kina mama 18 katika kila 100. Juni walikufa 2 na ushee.

Hapo ndipo wengi wanapomalizia. Lakini Oktoba ya mwaka uleule alilazwa mwanamke mwenye saratani ya kizazi iliyokuwa ikitoa usaha, akapewa kitanda cha kwanza, pale mzunguko wa madaktari ulipoanzia. Walipomaliza kumpima walinawa kwa sabuni tu, wakaendelea na wengine. Kati ya kina mama kumi na wawili waliokuwa wakijifungua wakati ule, kumi na mmoja walikufa. Ndipo Semmelweis alipogundua kwamba kunawa mlangoni hakutoshi. Akataka mikono isafishwe kwa klorini baada ya kila mgonjwa, si baada ya maiti peke yake. Hatari ilikuwa imeshaingia ndani, ikitembea kutoka kitanda hadi kitanda.

Alifariki mwaka 1865 bado wakubwa wa taaluma yake wengi hawajamkubali. Ndoo zetu nyingi bado ziko mlangoni.

*

Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi huipita Same akiwa na vumbi puani. Mji umekaa kwenye kivuli cha mvua: mawingu hupanda upande wa pili wa milima, yakamwaga maji kule juu kwenye msitu wa Chome unaozunguka kilele cha Shengena, mita 2,462, na yanapovuka kuja huku yamebaki matupu. Juu, mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000. Chini, kwenye mikonge na miiba, mara nyingi haifiki 600, nayo huja kwa vuli na masika ambazo haziaminiki. Ndiyo maana Wapare, wenyeji wa milima hii, ni watu wa kuhifadhi maji, na ndiyo maana naamini somo la usafi wa mikono lina mwalimu hapahapa kabla hatujaenda Vienna.

Mwalimu huyo ni ndiva. Vijito vya mlimani mara nyingi havina nguvu. Ukiviachia vitiririke mferejini mchana kutwa, maji yananywewa na ardhi njiani na shamba la chini halilowi. Wazee wakachimba bwawa dogo juu ya mashamba, wakalizungushia ukingo wa udongo na mawe. Usiku watu wamelala, kijito kinajaza ndiva polepole. Alfajiri kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka kwa wingi na kwa kasi, yanafika. Kuna zamu za kumwagilia, kuna anayezisimamia, na kuna siku ya msaragambo ya kutoa tope, ambayo asiyefika hutozwa. Pale Bangalala, kwenye bonde la mto Vudee, ndiva ya Manoo bado inafanya kazi hiyo, siku hizi ukingo wake ukiwa na saruji.

Wenye ndiva hawakumlaumu mkulima kwamba hana bidii ya kufuata maji kwenye kijito. Waliona kwamba maji machache yakihifadhiwa karibu na kazi na kutolewa kwa utaratibu hutosha, na maji mengi yakiwa mbali hayatoshi. Hospitali inayotaka mikono safi itafute ndiva zake.

Kwanza, maji yenyewe. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza mwaka 2022 kwamba karibu nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma ya msingi ya usafi wa mikono, yaani maji na sabuni au kitakasa mikono mahali pa kutolea huduma, na sabuni na maji chooni. Kwa Same na Mwanga, mradi mkubwa wa maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, uliosubiriwa kwa miaka mingi na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025, ni habari ya tiba kama ilivyo habari ya mabomba. Lakini hata bomba likifika getini, ndani ya wodi bado kuna swali la sinki ziko wapi, na siku bomba likikauka kuna nini. Tangi la akiba juu ya paa ni ndiva. Ndoo yenye koki iliyojazwa na zamu inayotoka kwa ajili ya zamu inayoingia nayo ni ndiva.

*

Sasa njia zenyewe. Nitaanza na ile tuliyozaliwa nayo.

Kabla ya kula, katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto huja na jagi la maji na beseni, akapiga goti mbele ya mgeni na kumnawisha. Maji humiminwa juu ya mikono, yakaangukia beseni, hayarudi tena. Ndiyo maji tiririka, neno ambalo sasa liko kwenye kila bango la afya. Ubora wake ni kwamba uchafu unaondoka na maji. Pale watu wanapochovya mikono wote katika beseni moja, kila anayefuata anapokea yaliyoachwa na wa mbele yake. Sabuni haina kazi ya kuua tu. Inalegeza mafuta ya ngozi yanayoshikilia vijidudu, inavunja utando wa baadhi ya virusi, na maji yanayotiririka ndiyo yanayobeba vyote kwenda chini. Kwa sababu hiyo maji hayahitaji kuwa ya moto, ila yanatakiwa yawe yanakwenda.

Koki ina mtego wake. Uliifungua kwa mkono mchafu, ukiifunga kwa mkono ulionawa umeurudia uchafu ulioacha. Kwenye sinki za upasuaji kuna koki za kusukumwa kwa kiwiko. Kwenye ndoo, mtu hufunga kwa karatasi aliyojifutia, au mwenzake amfungie. Kibuyu chirizi kilitatua jambo hili kwa werevu wa kijijini: chombo kimening'inizwa, kamba imefungwa kwenye kijiti cha kukanyaga, mguu ndio unaomimina. Asili yake ni Zimbabwe, ambako Dkt. Jim Watt na wenzake walikitengeneza kwa kibuyu halisi, na Kiswahili kikalihifadhi jina la kibuyu hata baada ya kibuyu kugeuka dumu la lita tano. Nimekiona kwenye vyoo vya shule kuliko wodini, na sioni kwa nini zahanati ya mlimani isiyo na bomba ione haya kukitumia. Maji yanayotumika kila mara ni kidogo sana, jambo ambalo kwa Hedaru au Makanya si dogo.

Halafu kukausha. Mikono iliyolowa hupokea na kuachia vijidudu kirahisi kuliko mikavu, lakini jambo hili halipati nafasi mabangoni. Taulo moja iliyotundikwa kwenye msumari tangu Jumatatu inaharibu kazi yote ya sabuni, na kujifuta kwenye sare ni vilevile. Karatasi ni ghali. Vitambaa vidogo vilivyokatwa, kila kimoja kikatumika mara moja na kwenda kufuliwa, vinafaa. Pasipokuwa na chochote, acha mikono ikauke kwa hewa, upepo wa Same utakusaidia.

Namna ya kusugua ilitungwa Birmingham, Uingereza, na Graham Ayliffe na wenzake mwaka 1978: kiganja kwa kiganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, vidole vikipishana, migongo ya vidole ndani ya kiganja, kidole gumba kikizungushwa ndani ya mkono mwingine, ncha za vidole zikisuguliwa kiganjani. Utafiti wa wakati huohuo ulionyesha watu husahau wapi: vidole gumba, ncha za vidole, na katikati ya vidole. Fikiria sasa ni sehemu gani ya mkono inayomgusa mgonjwa unapotafuta mshipa, unapofungua kidonda, unapopima njia ya uzazi. Ni ncha na gumba. Tunasafisha zaidi viganja, ambavyo hugusa kidogo. Muislamu aliyezoea kupitisha vidole katikati ya vidole anapotawadha ana mazoezi ya hatua moja tangu utotoni. Na pete, saa, bangili na kucha za kubandika huhifadhi chini yake kile ambacho sabuni haikifikii. Mwenye kazi ya kugusa wagonjwa aviache nyumbani.

*

Lakini hesabu ya sekunde tisini kwa kila safari bado inatudai. Walioilipa walikuwa hospitali ya chuo kikuu cha Geneva, Uswisi. Didier Pittet na wenzake walichunguza wahudumu wao mwaka 1994 wakakuta wananawa chini ya nusu ya mara wanazopaswa, 48 katika kila 100, na madaktari wakiwa nyuma ya wauguzi. Waliona pia kwamba kazi ilipozidi, kunawa kulipungua. Hivyo badala ya kuongeza mabango peke yake walileta dawa kitandani: chupa ya spiriti yenye kulainisha ngozi, mfukoni na kando ya kila mgonjwa. Kufikia 1997 kiwango kilipanda hadi 66, na wagonjwa waliokuwa na maambukizi ya hospitalini walishuka kutoka karibu 17 katika kila 100 hadi karibu 10 mwaka 1998. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani likamkabidhi Pittet kampeni ya dunia nzima.

Kitakasa mikono cha spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, na unaweza kusugua huku unatembea. Rudi kwenye wodi ya shangazi: safari sabini na sita kwa nusu dakika ni dakika thelathini na nane kwa zamu nzima, bila hatua hata moja ya ziada. Kinaua bakteria na virusi wengi kuliko sabuni ya kawaida. Na kikitengenezwa ipasavyo hakichubui ngozi kama kunawa mara kwa mara, kwa sababu kina gliserini. Hili ni la kujali huku kwetu, kati ya baridi ya Mbaga na upepo mkavu wa tambarare. Mkono uliopasuka unauma, na mkono unaouma hukwepa kunawa.

Kitu hiki hakihitaji kuagizwa kwa meli. Kanuni ya Shirika la Afya Duniani iko wazi kwa mfamasia yeyote wa hospitali: kwa lita 10, mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, mililita 145 za gliserini, kisha ujazilize maji yaliyochemshwa yakapoa. Mchanganyiko huwekwa saa 72 kabla ya kutumiwa ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizoweza kuingia na vyombo. Ni kazi ya duka la dawa la hospitali, mbali na moto na sigara, si ya jikoni. Na ethanoli? Mwanga, wilaya jirani, ina kiwanda cha Kilimanjaro Biochem kinachotengeneza spiriti kutokana na molasi, yale masalio meusi ya miwa. Muuguzi wa Same anaweza kusafisha mikono kwa miwa ya mkoa wake.

Shirika hilohilo linapendekeza hospitali itumie angalau lita 20 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa kulala wodini. Maana yake ni mililita 20 kwa mgonjwa kwa siku. Lita 10 zile zingehudumia wodi ya wagonjwa 25 kwa siku ishirini. Mganga mkuu anayepanga bajeti anaweza kuanza na hesabu hiyo.

Nimeulizwa na wazee wa Usangi kama spiriti mkononi inamharibia mtu ibada. Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazoitumia sana hospitalini, na wanazuoni wengi wameona kwamba kinachopakwa nje kwa ajili ya tiba si kinachonywewa. Anayebaki na wasiwasi azungumze na shehe wake, na hospitali imwekee maji na sabuni karibu.

Spiriti ina mipaka, na mhudumu lazima aijue kwa moyo. Mikono inayoonekana kuchafuka, kwa damu, kinyesi, usaha au udongo, inahitaji maji na sabuni, kwa sababu spiriti haiondoi uchafu, inaukausha palepale. Baada ya chooni, vilevile. Na yule bakteria anayeleta kuhara baada ya dawa kali za antibiotiki, Clostridioides difficile, ana mbegu zenye ganda ambalo spiriti hailipenyi, hivyo ni maji tiririka tu yanayomwondoa. Ndoo ya mlangoni haijapoteza kazi. Imepata msaidizi.

*

Wakati wa kusafisha mikono ni mitano, na napenda kuieleza kwa kuzunguka kitanda kimoja. Unamkaribia mgonjwa: kabla ya kumgusa, safisha, kwa sababu unatoka kwa mwingine. Unataka kuchoma sindano ya dripu au kuweka mpira wa mkojo: kabla ya kazi hiyo, safisha tena, hata kama mgonjwa ni yuleyule, maana vijidudu vya ngozi yake havipaswi kuingia kwenye damu yake. Umegusana na damu, mkojo au kidonda: safisha mara moja. Umemaliza naye: safisha. Na wa tano, unaosahauliwa kuliko yote: hukumgusa mgonjwa kabisa, ulirekebisha tu chandarua, ukavuta faili, ukasogeza stendi. Safisha. Chandarua cha wodini hushikwa na kila mkono, usiku na mchana, na ni mara chache sana kuonekana kinafuliwa kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Nimeiacha glavu mpaka hapa kwa sababu ndiyo inayonisumbua zaidi. Watafiti waliwatazama wahudumu wa uzazi katika leba kumi za Zanzibar, wakahesabu nafasi 781 ambazo mikono ilitakiwa kuwa safi kabla ya kazi inayogusa ndani ya mwili, kama kupima njia. Katika takriban robo ya nafasi hizo mhudumu alinawa au alitumia spiriti. Waliofanya hivyo, wakavaa glavu, na wakafika kwa mama bila kugusa kitu kingine hawakufika 10 katika kila 100. Nusu ya waliokuwa wamejiandaa walijichafua njiani. Mkono uliovaa glavu safi ulishika pazia, ukasogeza taa, ukashika chuma cha kitanda, kisha ukaingia kwa mama.

Naomba msomaji akae kidogo hapo. Mhudumu aliyevaa glavu anaamini amefanya kazi yake, na mama aliyelala anaamini vilevile. Glavu ni mkono mwingine. Ikishagusa kitu inabeba kile kilichoguswa, na mwenye kuivaa hahisi unyevu wala utelezi wa kumkumbusha. Inamkinga anayevaa kuliko anayeguswa. Inavaliwa mikono ikiwa imesafishwa, dakika ya mwisho, vifaa vyote vikiwa vimeshasogezwa. Inavuliwa kazi ikiisha, na mikono inasafishwa tena, kwa sababu mpira una vitundu visivyoonekana na kuvua kwenyewe huchafua. Haioshwi ikatumika kwa mgonjwa wa pili, hata siku boksi limebaki na mbili.

Gharama ya kutozingatia haya ni kubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 inasema katika nchi zenye kipato kama chetu, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hupata angalau ambukizo moja la hospitalini, na katika nchi tajiri ni 7. Mmoja kati ya kumi walioambukizwa hufa. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 kwa watoto wenye bakteria kwenye damu ulikuta zaidi ya theluthi walifariki, wengi kuliko waliokuwa na malaria, na bakteria waliozoea dawa walikuwa sehemu ya sababu. Na mhudumu mwenyewe hayuko nje ya hesabu. Homa ya Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023, kati ya watu tisa waliougua, sita walikufa, na wahudumu wa afya walikuwamo.

Tunao pia wahudumu wasio na sare. Wodi zetu zinaendeshwa na ndugu: binti anamwogesha mama, mke anamgeuza mume, jirani anakuja na uji kutoka Kisiwani akamlisha mgonjwa kijiko kwa kijiko, kisha akamsaidia wa kitanda cha pili kwa sababu hana mtu. Mikono hiyo hugusa wagonjwa kuliko ya muuguzi, na hakuna anayeifundisha. Dakika tano za saa ya kuona wagonjwa, chupa mkononi, "Dada, kabla hujamshika mzee, na ukitoka kwake," zinatosha kuanzia. Ndugu huyo huyo ndiye anayeweza kumwuliza daktari kwa adabu, "Samahani dokta, dawa ya mikono iko hapa," na daktari mwenye busara hataona amevunjiwa heshima. Zaidi ya cheo chochote, ni daktari mkubwa akisafisha mikono mbele ya wanafunzi wake ndiye anayeiweka desturi wodini. Asipofanya, hakuna mdogo atakayethubutu kumtangulia.

Hospitali inayotaka kuanza haihitaji kusubiri mradi. Inahitaji mfamasia, madumu, chupa ndogo, bandeji za kufungia chupa kwenye miguu ya vitanda, na mtu mwenye daftari anayezijaza kila asubuhi kama yule anayesimamia ndiva. Daftari litamwonyesha mambo ambayo ukaguzi hauoni. Chupa inayoisha haraka iko mahali pazuri. Chupa iliyokaa imejaa juma zima inataka kuulizwa: iko juu mno, iko nyuma ya stendi, au hakuna anayefika pale. Wodi ile ya shangazi yangu, mimi ningeanzia kitanda cha mwisho, pale hatua ishirini na mbili zinapoishia.